Binti wa Mitumba na Laptopu Mpya

Laptopu yangu ya kwanza ilinunuliwa na chama cha mama. Wanawake kumi na wawili wa Kaptembwo, Nakuru, kila mmoja akitoa Sh2,500 kwa mwezi. Agosti 2019, mzunguko ulipoanza upya, mama aliomba apokee wa kwanza. Elfu thelathini. Angeweza kuongeza belo. Angeweza kurekebisha kibanda chake kilichokuwa kinavuja. Badala yake tuliingia duka moja katikati ya mji, lenye vioo na sakafu inayong'aa, mama akahesabu noti juu ya kaunta huku muuzaji akikata gundi ya katoni. Sh28,500. Tukapewa risiti, waranti ya mwaka mmoja na begi ya bure.

Mama anauza mitumba. Nimelishwa, nimevishwa na nimesomeshwa na nguo za watu nisiowajua. Mpaka siku hiyo sikumbuki kumiliki kitu chochote kilichotoka kwenye katoni. Tukiwa njiani nilikuwa nimejaribu kumwambia kwamba Nairobi kuna laptopu za mtumba, poa tu, za bei ya chini kuliko hiyo. Alisimama kando ya barabara akaniangalia.

"Wewe unaenda yunivasiti," akasema. "Huko huendi na kitu cha mtu."

Sikubishana naye tena. Na nisidanganye, nilifurahi. Nilikaa na ile plastiki ya kwenye kifuniko miezi mitatu bila kuibandua.

Wacha nieleze ile laptopu ilikuwa nini hasa, kwa sababu siku ile hakuna aliyetueleza. Muuzaji alituambia ni nyembamba, ni nyepesi, ni ya mwaka huu. Yote yalikuwa kweli. Hakutuambia kwamba ilikuwa na prosesa ya Celeron, ramu ya 4GB, na hifadhi ya 64GB, ambayo ni sawa na simu ya kawaida tu. Windows peke yake ilikula sehemu kubwa ya hizo 64. Kila sasisho lilipokuja liliomba nafasi ambayo haikuwepo, kwa hivyo nilikuwa nafuta picha zangu ili kompyuta iweze kujisasisha. Ukifungua kurasa tano za intaneti na faili moja ya Word, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado inafikiria.

Nilidhani ni mimi. Nilidhani sijui kutumia kompyuta. Mtu akikua bila kitu kipya, kitu kipya kikimsumbua anajilaumu mwenyewe kwanza.

*

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya Corona. Mwezi huo huo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mitumba, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti. Sisi tuliyaona kwa meza ya mama ikipungua wiki baada ya wiki mpaka akawa anauza soksi na leso za watoto. Na katika miezi hiyo hiyo alikuwa bado anachanga Sh2,500 kila mwezi. Ukipokea wa kwanza kwenye chama, unaendelea kulipa hadi wa mwisho apokee. Mchango wake wa mwisho ulikuwa Julai 2020. Kufikia hapo ile laptopu ilikuwa haiwezi kufungua darasa la mtandaoni bila kuganda, na nilikuwa nafuatilia masomo kwa simu.

Chuo sikukiacha siku moja. Niliacha kidogo kidogo, vile watu wengi huacha. Karo ikabaki, nikakosa kadi ya mtihani, nikaambiwa nitafanya mwaka ujao, mwaka ujao ukafika na deni lake. Katikati ya 2021 nilikuwa nimehama hosteli na kuingia chumba kimoja Githurai na msichana tuliyekuwa tukisoma naye. Mama sikumwambia. Alikuwa anatuma elfu mbili, wakati mwingine tatu, akiandika kwa ujumbe "ya chuo". Nilikuwa nalipia nyumba. Hii sentensi imenichukua miaka kuiandika.

Kazi niliyopata ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Wakenya wengi wa rika langu wanaijua hiyo kazi. Mwenye akaunti anapokea oda, anakupa wewe, anakulipa kwa ukurasa. Mimi nilikuwa nalipwa Sh300. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria za kazi, saikolojia ya watoto. Kuna watu wana digrii leo ambazo baadhi ya kurasa zake nilizichapa mimi, nikiwa nimeketi kwa kitanda, bila digrii, kwa laptopu inayoganda.

Usiku mmoja wa Februari 2022, saa tano, nikiwa na oda ya kurasa kumi na nne ya kupeleka saa kumi na mbili asubuhi, skrini ikazima. Nikatingisha waya wa chaja. Nikabonyeza swichi nikahesabu hadi thelathini, vile watu husema. Kimya. Niliandika upya kwa simu, kidole kimoja, mpaka alfajiri. Nilichelewa kwa saa mbili. Sikulipwa chochote, na nikatozwa faini juu yake.

*

Fundi niliyempelekea ana nafasi ya upana wa meza ya jikoni ndani ya jengo moja Luthuli Avenue, katikati ya mtu wa simu na mtu wa rimoti. Jina lake hataki liandikwe, na kila mtu humwita Fundi tu. Alitoa skrubu, akapitisha kadi ya plastiki pembeni, kifuniko kikatoka. Akanisogezea taa.

"Ona, sister. Ramu iko wapi?"

Sikuona. Alinionyesha vipande vinne vidogo vyeusi vilivyokaa bapa kwenye ubao. Hiyo ndiyo ramu, imechomelewa. Hifadhi nayo? Kipande kingine kidogo, kimechomelewa. Sehemu ya kupokea umeme ilikuwa imeungua na kuenda na njia za ubao. Ubao mwingine wa aina hiyo, akipata, ungekaribia bei ya laptopu nyingine.

"Na vitu vyangu?" nikamuuliza. "Si utoe diski uweke kwa nyingine?"

"Diski gani? Hakuna cha kutoa. Kila kitu kimekufa pamoja."

Hapo ndipo nililia, mbele ya mtu wa rimoti. Si kwa sababu ya insha za watu. Ndani kulikuwa na hadithi zangu, zile nilizokuwa naandika bila kulipwa. Sikuwa nimezihifadhi kwingine. Ni kosa langu, najua. Lakini kwa laptopu yenye diski ya kawaida, hata ubao ukifa, fundi anachomoa diski, anaichomeka kwa mashine nyingine na unapata mambo yako. Hii yangu ilikuwa imefungwa kama jeneza. Waranti nayo ilikuwa imeisha tangu Agosti 2020.

Fundi alinipa karatasi ya tishu na kunipa kiti. Halafu akafungua mashine nyingine iliyokuwa mezani, nene, nyeusi, imechakaa kona. "Hii ni ya 2015," akasema. "Ona." Ramu ilikuwa imesimama kwenye nafasi mbili, ikishikwa na klipu za chuma unazosukuma kwa vidole. Diski ilikuwa inatoka kama droo. Betri mbili, moja ndani na moja nyuma ambayo unaweza kubadilisha bila kuzima. Kila kitu kilikuwa na jina lake na mahali pa kukishika.

Nilipoiangalia nikakumbuka mama akikagua koti. Huwa hatazami mbele kwanza. Anageuza ndani nje, anaangalia mishono, anavuta kwapa, ananusa kola. Mteja akimwuliza mbona hajali rangi, anasema rangi ni ya muuzaji, mshono ni wa fundi. Huyo mwanamke, ambaye hajawahi kununua shati bila kuligeuza, alilipa Sh28,500 kwa kitu ambacho hakuna aliyemruhusu akigeuze. Kwa sababu kilikuwa kipya.

*

Laptopu nyingi za mtumba unazoziona Moi Avenue na Luthuli zinaitwa Ex-UK, hata kama nyingine hazijawahi kuona Uingereza. Zilikuwa za maofisi. Kampuni au shule ng'ambo inanunua mashine mia, inazitumia miaka mitatu, minne, inabadilisha zote kwa pamoja hata kama bado ni nzima. Wafanyabiashara wanazinunua kwa wingi na kuzileta. Ndiyo maana utakuta nyingi ni ThinkPad, Latitude au EliteBook. Hazikuundwa za kupendeza. Ziliundwa mtu wa kompyuta wa ofisi aweze kuzitengeneza haraka bila kusumbua bosi.

Fundi hakuniuzia. Alinipa orodha, akanituma nikatafute mwenyewe. Naiweka hapa kwa sababu imeniokoa mara nyingi.

Shika kifuniko ufungue kwa mkono mmoja, usikie bawaba. Zikilegea, skrini itakuja kupasuka. Chapa kila kitufe, si vile vya jina lako tu. Weka skrini iwe nyeupe kabisa utafute madoa. Kwa ThinkPad, washa ukibonyeza F1, uone kama itaingia bila kuomba neno la siri. Ikiomba, rudisha hata kama ni ya bure. Hiyo bado ina mwenyewe kwa ofisi fulani, na muuzaji hana ufunguo. Kama ni Windows, andika powercfg /batteryreport, itakuambia betri ilizaliwa na uwezo gani na imebaki na gani. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuambia diski imefanya kazi saa ngapi. Diski ya ile niliyonunua ilikuwa na saa zaidi ya elfu kumi na nne. Mtu fulani mahali fulani alifanya kazi sana.

Nilipata ThinkPad T450, prosesa ya i5, ramu ya 4GB na diski ya kuzunguka ya 500GB. Muuzaji alianzia Sh23,000. Tukamalizana 19,000, nyingine nikiwa nimekopa kwa simu. Chini kulikuwa na kibandiko cha mali ya shule fulani, kimekwaruzwa nusu. Baada ya wiki mbili nikaongeza ramu ya 8GB kwa Sh3,000. Hapo Fundi alinionya: iwe DDR3L, ile ya volti ya chini, kwa sababu DDR3 ya kawaida inaingia kwenye nafasi vizuri kabisa na mashine inakataa. Mwezi uliofuata nikabadilisha diski nikaweka SSD ya 256GB, Sh3,500. Alinipa bisibisi nifanye mwenyewe. Mikono ilitetemeka. Ilipowaka, iliwaka kabla sijamaliza kushusha pumzi.

Jumla, Sh25,500. Pungufu ya ile mpya kwa elfu tatu.

Sasa, sisemi mtumba ni mbinguni. Betri ya nyuma niliyobadilisha baadaye ilikuwa feki, ikafa baada ya miezi minne, na nilipomtafuta aliyeniuzia nikakuta hapo panauzwa viatu. Rafiki yangu alinunua bila kubonyeza F1, na mpaka leo ana trei ya bei ghali. Binamu yangu anayehariri video alinunua mpya na alifanya vizuri, kwa sababu alikuwa na pesa ya mpya nzuri na kazi yenyewe inaila mashine. Mpya nzuri ni nzuri. Shida ni mpya ya bei yetu. Kwa elfu ishirini na nane hununui upya. Unanunua katoni, na ndani ya katoni kuna kila kitu kilichopunguzwa ili bei ifike hapo. Mtumba wa bei hiyo hiyo ni kitu kilichokuwa ghali kikazeeka. Ukijua kukagua, uzee unaonekana. Kupunguzwa hakuonekani mpaka usiku wa oda.

*

Desemba 2022 nilipanda matatu Nyamakima nikaenda nyumbani. Kazi ya insha ilikuwa tayari inayumba. ChatGPT ilikuwa imetoka mwisho wa Novemba, na mwenye akaunti wangu alikuwa ameanza kuandika jumbe fupi fupi. Nilikuwa na kazi moja ya kumaliza, kwa hivyo jioni nikatoa ile ThinkPad nikaiweka mezani. Mama alikuwa anasonga ugali. Akaiona.

"Laptopu yako iko wapi?"

Ningesema nimemwazima mtu. Uongo ulikuwa hapo, rahisi, na nilikuwa nimeuzoea. Lakini wiki hiyo alikuwa amenionyesha kitambaa alichotoa kwenye belo, cha rangi ya maziwa, akisema atakipeleka kwa fundi wa cherehani. Ilikuwa nguo yake ya kuja kwa gradu yangu, 2023.

"Ilikufa," nikasema.

"Lini?"

"Februari."

"Na hii?"

"Mtumba, mama."

Akanyamaza. Nami, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikasema mengine yote. Kadi ya mtihani. Githurai. Elfu mbili mbili za "ya chuo" zilikokuwa zikienda. Kwamba 2023 hakutakuwa na gradu. Mama alifunika ugali na sahani, akazima jiko, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Nilisikia jirani akimsalimia, naye akijibu kama hakuna kitu.

Aliporudi alikaa kando yangu. Hakunitazama. Akasema, "Leta hapa."

Akaichukua ile laptopu akaigeuza chini juu. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akafungua, akafunga, akasikiliza. Akabonyeza kona. Akasoma kile kibandiko kilichokwaruzwa.

"Ulinunua ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Alianzia?"

"Ishirini na tatu."

"Ungepata kwa kumi na saba." Akairudisha mezani, polepole. "Lakini ni kamera."

Kama hujakulia sokoni, kamera ni mtumba wa daraja la kwanza, ule unaotolewa juu ya belo kabla wengine hawajafika. Fagia ni ule wa mwisho, unaobaki chini.

Nisikuchezee, hatukukumbatiana. Alisema, "Hiyo ya chuo bado hatujamaliza," na kweli hatukumaliza. Siku zilizobaki aliongea nami mambo ya chumvi na maji tu. Nilipokuwa narudi Nairobi akaniambia ile mpya iliyokufa nimletee. "Nililipa mimi," akasema. Nikampelekea Pasaka. Iko kwa kabati lake, kwa begi yake ya bure. Kile kitambaa cha maziwa alikiuza.

*

Mwaka huu ndugu yangu mdogo alipata nafasi ya chuo cha anuwai, na anahitaji laptopu. Mama alinipigia.

"Umtafutie ya mtumba," akasema. "Uende na yule fundi wako."

Mambo yamebadilika kidogo tangu 2022. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. T450 yangu ni ya kizazi cha tano. Haikufa siku hiyo. Niliiwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure, na ndiyo ninayoandikia hapa. Lakini kijana anayeanza chuo asianze na shida, kwa hivyo nilitafuta T480 ya kizazi cha nane, ambayo bado ina nafasi mbili za ramu. Soma herufi za mwisho vizuri. T480s, ndugu yake mwembamba, ina ramu iliyochomelewa na nafasi moja tu. X1 Carbon ni nzuri na nyepesi, na ramu yake yote imechomelewa. Hata mtumba umeanza kufungwa.

Tulipoipata tuliipeleka moja kwa moja kwa Fundi. Akafungua. Kabla sijamlipa muuzaji aliyekuwa amesimama hapo amekunja uso, nilimpigia mama kwa video, nikashika simu juu ya meza.

"Sogeza taa," akasema. Nikasogeza. Alitazama kimya: feni, betri, klipu za ramu, vumbi la ofisi ya mtu. Nilisikia kelele za soko nyuma yake, na mteja akimwuliza bei ya sweta.

"Sawa," akamwambia mteja, "ngojea." Halafu akanirudia. "Geuza nione na huku kwingine."